Tuhuma za Udhalilishaji Vyuoni: Nyota wa Timu Asifichwe, Wala Asihukumiwe Bila Ushahidi

(Mhadhara uliotolewa mjini Bariadi mbele ya wazazi, walimu wa madrasa na vijana wanaojiandaa kujiunga na vyuo vikuu)

 





Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo majumbani mwetu hutajwa kwa kunong'ona, nalo ni tuhuma za udhalilishaji wa kijinsia vyuoni, hususan pale anayetuhumiwa anapokuwa mwanamichezo anayependwa na wengi. Kila mwaka vijana wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega hufunga mizigo yao kuelekea Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko. Wapo miongoni mwao ambao wanaondoka wakiwa tayari wana majina, kwa sababu waling'ara katika mashindano ya UMISSETA. Mkoa wetu huu, tangu uanzishwe mwaka 2012, haukuwa mgeni wa michezo. Umepata hata kuongozwa na Mkuu wa Mkoa, Bwana Anthony Mtaka, ambaye wakati huo huo alikuwa Rais wa Riadha Tanzania. Nasi hatuna ugomvi na michezo. Inajenga afya, inafundisha subira, na inamtoa kijana kwenye vijiwe vya ulevi.

Lakini tujiulize: siku yule anayetufungia mabao atakaposemwa kuwa amemdhulumu binti wa watu, tutafanya nini? Hapo ndipo watu wengi huanguka katika moja ya makosa mawili. Wa kwanza husema, "Huyu ni kijana wetu, tusimharibie maisha," wakamficha. Wa pili husema, "Lisemwalo lipo," wakamhukumu kabla hajasikilizwa. Makosa haya yanaonekana kama maadui, lakini mama yao ni mmoja. Yote mawili yanamtazama mtu badala ya kutazama ushahidi. Hilo ndilo tunalotaka tulieleze leo, kwa mifano iliyotokea, kisha tuseme nini cha kufanya.

CHAGULAGA NA UKUTA WA MLIMANI

Tuanzie nyumbani. Nani katika sisi hajui "chagulaga"? Binti anatoka mnadani, gulioni au ngomani. Kundi la vijana linamzunguka, linamfungia njia, linamwambia achague mmoja wao, na haachiwi mpaka ameridhia kwa ulimi jambo ambalo moyo wake umelikataa. Wapo wanaouita mchezo huo utani wa ujana, na wapo wanaouita mila. Sisi tunasema kuwa chaguo linalofanywa na mtu aliyezingirwa si chaguo. Katika fiqhi tunajifunza mlango mzima wa ikrahi, yaani kulazimishwa, na wanazuoni wengi wanasema kwamba aliyelazimishwa hana dhambi na kwamba ndiyo yake si ndiyo.

Sasa kijana aliyekulia katika chagulaga anapofika chuoni, hamwachi chagulaga nyumbani. Anaweza kumkuta amevaa nguo nyingine. Wenye umri mkubwa hapa watakumbuka msiba wa mwezi Februari mwaka 1990, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Mwanafunzi aliyeitwa Levina Mukasa alijiua baada ya kusumbuliwa na kikundi cha wanafunzi wenzake wa kiume. Wakati huo chuoni hapo palikuwa na desturi ya maandishi ya ukutani yaliyojulikana kwa jina la "Punch". Maandishi hayo yaliwahi kuwa njia ya wanafunzi kuwakosoa wakubwa, lakini yakageuka kuwa fimbo ya kuwadhalilisha wenzao, na hasa wasichana waliowakataa wanaume. Aliyeandikwa huko aliepukwa na wenzake, kwa kuwa kila aliyemkaribia aliogopa kuandikwa yeye.

Ndugu zetu, Msukuma hahitaji kuelezwa maana ya kutengwa. Anajua kwamba mtu aliyetengwa na kijiji anakuwa hai huku amekwishazikwa. Basi fikirini binti mgeni wa mji, mbali na mama yake, aliyetengwa na watu anaokaa nao darasani na bwenini.

Hatusemi kwamba kujiua ni halali. Hukumu yake inajulikana. Tunauliza swali jingine: walikuwa wapi watu wazima? Binti yule hakukosa wa kumwona. Kosa halikuwa la siri, kwani lilikuwa limebandikwa ukutani. Walioliona walikuwa wengi, na walioliita utani walikuwa wengi vile vile. Baada ya kifo hicho sauti zilipazwa, zikiwemo za Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987. Mwaka 1998 Bunge likapitisha sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima anayepatikana na hatia ya kubaka, na ikaufanya udhalilishaji wa kijinsia, hata wa maneno na ishara, kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo kijana asije akasema kuwa alikuwa anatania. Utani huo sasa una kifungu chake katika Kanuni ya Adhabu.

NYOTA ANAPOFICHWA

Mlimani kikundi kililindwa na mazoea. Ziko jamii ambako mtuhumiwa hulindwa na jezi yake, na mfano ulio wazi zaidi unatoka Marekani, ambako michezo ya vyuo vikuu ni biashara kubwa, na kocha wa chuo huweza kulipwa kuliko mkuu wa chuo.

Kiko chuo kinachoitwa Baylor, katika mji wa Waco, jimbo la Texas. Ni chuo cha Wabaptisti, kilichoanzishwa mwaka 1845, na kinajitambulisha kwa dini na maadili. Timu yake ya mpira wa Kimarekani ilikuwa dhaifu kwa miaka mingi, kisha akaja kocha Art Briles, ikaanza kushinda, na uwanja mpya ukajengwa. Katika miaka hiyo hiyo wasichana walikuwa wanalalamika. Mchezaji mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwezi Januari 2014, na wengine wakafuatia kutajwa. Bodi ya chuo ikaajiri mawakili kutoka nje kufanya uchunguzi, na tarehe 26 Mei 2016 matokeo yakatangazwa. Yalisema kwamba watu wa idara ya michezo walikuwa wanapokea malalamiko bila ya kuyafikisha kwa wahusika, na kwamba walikuwa na utaratibu wao wa ndani wa kuwaadhibu wachezaji, nje ya utaratibu unaowahusu wanafunzi wengine wote. Kocha aliondolewa. Mkuu wa chuo, Ken Starr, akavuliwa cheo chake, naye ndiye yule yule aliyepata umaarufu kwa kumchunguza Rais Bill Clinton. Baadaye mwaka huo wajumbe wa bodi waliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba tangu mwaka 2011 wanawake 17 walikuwa wametoa malalamiko yanayowahusu wachezaji 19.

Tuzingatie mambo mawili hapa. La kwanza, jina la dini halikukilinda chuo hicho, bali pengine ndilo lililowafanya wakubwa waogope zaidi kuchafuka. Waswahili wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi wenye madrasa na shule za Kiislamu tusisome habari hii kama habari za watu wengine. Taasisi yoyote inayoitwa ya dini inaweza kupatwa na ugonjwa huo, wa kudhani kwamba kuilinda heshima ya dini ni kulinyamazisha jambo.

La pili, aliyekuwa na maslahi ndiye aliyefanywa kuwa hakimu. Kocha anamhitaji mshambuliaji wake Jumamosi. Vipi ataweza kuichunguza kesi yake Alhamisi? Hata akiwa mtu mwema, moyo wake umekwishavutwa upande mmoja.

Maradhi haya ni ya kale. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke wa kabila tukufu la Banu Makhzum aliyeiba. Wakubwa wa Kiquraish wakaona aibu, wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume (s.a.w.), amwombee. Mtume alikasirika. Akawafahamisha watu kwamba waliowatangulia waliangamia kwa sababu mtukufu akiiba walimwacha, na mnyonge akiiba walimwadhibu. Na akaapa kwamba hata binti yake Fatima angefanya hivyo, asingemwachia. Ikiwa binti wa Mtume hakupewa upendeleo, mfungaji wa mabao atapewa kwa hoja gani?

Yupo pia kijana wa Chuo Kikuu cha Stanford, Brock Turner, muogeleaji, aliyekamatwa Januari 2015 kwa kumshambulia msichana asiyejitambua. Katika habari za gazeti zilizoeleza kosa lake, ziliwekwa pia rekodi zake za kuogelea. Mahakama ilimtia hatiani kwa makosa 3, naye hakimu akampa miezi 6 tu jela, akatoka baada ya miezi 3. Wananchi walikasirika hata wakamwondoa hakimu huyo kwa kura mwaka 2018. Kasi ya kuogelea inahusu nini katika kesi ya namna hiyo? Lakini ndivyo watu tulivyo: tunampima mdhulumu kwa kile tutakachokikosa, na tunamsahau aliyedhulumiwa.

ANAPOHUKUMIWA KABLA YA USHAHIDI

Sasa tugeuze upande wa pili, kwani mizani yenye kitanga kimoja si mizani.

Mwezi Machi 2006, katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, wachezaji wa timu ya lakrosi, mchezo wa mpira mdogo unaodakwa kwa fimbo zenye wavu, walifanya sherehe ya ulevi na wakakodi wanawake wa kucheza uchi. Mmoja wa wanawake hao akasema amebakwa. Mji ukawaka moto. Maprofesa 88 waliweka majina yao katika tangazo la gazeti ambalo wengi walilielewa kuwa linawahukumu vijana hao. Kocha Mike Pressler alilazimika kujiuzulu tarehe 5 Aprili, na msimu wote wa timu ukafutwa, wakati ambapo hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amefunguliwa mashitaka. Baadaye wachezaji 3 wakashitakiwa. Vipimo vya vinasaba havikumgusa mchezaji yeyote, naye mwendesha mashitaka, Mike Nifong, akaficha sehemu ya matokeo yaliyowasaidia washitakiwa. Tarehe 11 Aprili 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Roy Cooper, alifuta mashitaka yote na kutamka wazi kwamba vijana hao hawakuwa na hatia. Nifong alifutwa uwakili mwezi Juni mwaka huo. Na mwezi Desemba 2024, baada ya miaka 18, mwanamke yule mwenyewe alikiri hadharani kwamba alisema uongo.

Sherehe yao haikuwa ya kusifiwa, na Mwislamu hawezi kuitetea. Lakini ubaya wa tabia ya mtu si ushahidi wa kosa jingine ambalo hakulifanya. Mlevi anaweza kusingiziwa wizi, na hakimu mwadilifu atamhukumu kwa ulevi wake peke yake.

Kwetu sisi somo hili limeandikwa kwa damu. Kanda yetu hii imeshuhudia vikongwe wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, pengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe waliopikia maisha yao yote. Wauaji walisema, "Kila mtu anajua." Ndugu zetu, "kila mtu anajua" si shahidi. Na ile methali ya "lisemwalo lipo" inafaa katika barza ya kahawa, lakini haifai katika kikao cha nidhamu.

Katika Surat Yusuf tunasimuliwa kisa cha kijana aliyesingiziwa na mwanamke mwenye cheo. Je, alisadikiwa yule mwenye cheo papo hapo? Hapana. Mtu wa jamaa za yule mwanamke alitoa njia ya kuchunguza: itazamwe kanzu, imechanika mbele au nyuma. Kama ni mbele, mwanamke anasema kweli. Kama ni nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Tazameni uadilifu wa kipimo hicho! Kiliwekwa kabla ya kutazama, na kiliacha mlango wazi kwa pande zote mbili. Na miaka mingi baadaye, mfalme alipotaka Yusuf (a.s.) atolewe gerezani, yeye alikataa kutoka mpaka kwanza jambo lake lichunguzwe. Hakutaka kuachiwa kwa huruma. Alitaka kusafishwa kwa haki.

MASHAHIDI WANNE SI KUFULI LA KINYWA CHA ALIYEDHULUMIWA

Hapa tuliondoe shaka moja iliyoenea. Wapo wanaomwambia binti, "Huna mashahidi wanne, kwa hiyo nyamaza." Huku ni kuitumia Surat An-Nur kinyume cha kusudi lake. Masharti ya mashahidi wanne yaliwekwa katika kosa la zinaa, na kwa ajili ya kuzifunga ndimi za wanaowazulia wanawake watwahirifu machafu. Anayekuja kusema "nimeshikwa kwa nguvu" hajaja kumzulia mtu zinaa. Amekuja kulalamikia dhulma iliyofanywa juu ya mwili wake, na dhulma huchunguzwa kwa kila kinachobainisha haki: majeraha, nguo, ujumbe wa simu, waliomsikia akilia, na mwenendo wa mtuhumiwa baada ya tukio.

Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi, kutoka kwa Wail bin Hujr, kwamba katika zama za Mtume (s.a.w.) mwanamke mmoja alitoka kwenda kusali, akashambuliwa njiani. Akapiga kelele, mshambuliaji akakimbia. Watu wakamkamata mtu mwingine aliyekuwa akipita, na mwanamke katika fadhaa yake akadhani ndiye. Ilipokaribia mtu huyo kuadhibiwa, mhalifu wa kweli akasimama na kukiri. Mtume (s.a.w.) akamwambia mwanamke aende zake, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amemsamehe, na akamwambia maneno mema yule aliyekamatwa kimakosa. Wanazuoni wamezungumza mengi juu ya mapokezi yake, na Tirmidhi ameikubali.

Katika habari hiyo moja somo letu lote limo. Mwanamke alisikilizwa, hakuulizwa kwa nini alitoka au alivaa nini. Kwa hakika alikuwa amedhulumiwa, na bado mtu asiye na kosa alikaribia kuangamia. Kumwamini mlalamikaji kwamba amedhulumiwa hakutuondolei wajibu wa kuhakikisha ni nani aliyemdhulumu.

Na kwa wale ambao kila wakisikia habari hizi huuliza mavazi, tunawakumbusha mpangilio wa Surat An-Nur yenyewe. Amri ya kuinamisha macho imewashukia wanaume katika aya ya 30, kabla ya wanawake kuamrishwa stara katika aya ya 31. Wajibu wa mwanamke ni wa mwanamke, na wajibu wa mwanamume haumngojei yeye.

CHUO SI MAHAKAMA, NA MAHAKAMA SI CHUO

Watu wengi huchanganya mambo mawili. Mahakama ya jinai inaweza kumfunga mtu miaka 30, na kwa hiyo inadai ushahidi usioacha shaka ya msingi. Kamati ya nidhamu ya chuo haifungi mtu. Inaweza kuonya, kusimamisha masomo, kuhamisha bweni, kumtoa mtu katika timu, au kumfukuza, na kipimo chake cha ushahidi huwa chepesi zaidi. Wanafunzi wa fiqhi hawatashangazwa na jambo hili. Adhabu za hudud huepukwa panapokuwa na shaka, lakini kiongozi anabaki na mlango wa taazir na wa kuzuia madhara, kwa kiasi cha kile kilichothibiti.

Kwa hiyo mtu akiachiwa na mahakama, hilo peke yake halikizuii chuo kuangalia kanuni zake. Na chuo kikichukua hatua ya tahadhari, hilo halimfanyi mtu kuwa mhalifu. Mkoa wetu umelipitia jambo linalokaribiana na hili. Mwezi Juni 2024 uteuzi wa aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Simiyu ulitenguliwa, na mwezi Julai akafikishwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Mwanza, akishitakiwa kwa kosa la kumwingilia kinyume cha maumbile mwanafunzi wa chuo kikuu, shitaka alilolikana. Mwezi Novemba mwaka huo mahakama ilimwachia huru, ikisema upande wa mashitaka haukuthibitisha. Katika miezi ile, wangapi walikuwa wamekwishamhukumu mwanamume, na wangapi walikuwa wamekwishamtukana binti? Makundi yote mawili hayakuwa na faili mkononi. Hatumtaji hapa kwa jina, wala hatuirudii kesi. Tunasema tu kwamba utenguzi si hukumu, shitaka si hukumu, na matusi ya simuni si hukumu.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kwa mwenye kudhulumiwa. Usioge, usifue nguo ulizovaa, na usifute ujumbe wa simu. Nenda hospitali haraka, kwa sababu dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Fika polisi katika Dawati la Jinsia na Watoto upewe fomu ya PF3. Chuoni, ulizia mapema, tangu wiki ya kwanza, ni ofisi gani inapokea malalamiko haya, usingoje siku ya msiba. Na mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo.

Pili, kwa mwenye kutuhumiwa. Usimfuate mlalamikaji, wala usimtumie rafiki au ndugu kumbembeleza au kumtisha. Dai upewe tuhuma kwa maandishi, upewe muda wa kujibu, na usikilizwe. Sema kweli japo ni dhidi ya nafsi yako. Ukiwa huna hatia, usiogope uchunguzi, mwige Yusuf (a.s.), uutake.

Tatu, kwa makocha, walimu na viongozi wa timu. Msimchunguze mchezaji wenu wenyewe. Mkisikia, pelekeni jambo kwa wahusika siku hiyo hiyo, kisha ondokeni njiani. Mchezaji akisimamishwa kwa muda, iwe ni tahadhari yenye mwisho unaojulikana, isiwe adhabu ya kimyakimya isiyo na tarehe. Na kocha anayemwomba binti mwili wake ili ampe nafasi katika timu ajue kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, imeliita jambo hilo rushwa ya ngono.

Nne, kwa wazazi. Acheni kuyamaliza mambo haya kwa ng'ombe. Ng'ombe wawili au watano wanaingia zizini mwa baba, na binti anabaki na jeraha lake, na kijana anajifunza kwamba dhulma ina bei. Kusuluhisha ni jambo jema panapokuwa na haki mbili zinazogongana. Hapa pana haki moja, nayo si ya mzazi kuiuza. Na mzazi wa kijana anayetuhumiwa, mapenzi yako kwa mwanao yasikufanye ununue ushahidi. Utamwokoa na chuo, utamkabidhi kwa Mola wake.

Tano, kwa wanafunzi wote. Ukuta wa Mlimani wa mwaka 1990 sasa umo mfukoni mwa kila mmoja wenu. Kundi la WhatsApp linaweza kumwandika mtu na kumtenga kwa dakika moja, awe mlalamikaji au mtuhumiwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu usambazaji wa taarifa za uongo, lakini hata kabla ya sheria hiyo, Surat Al-Hujurat imekwishatuamrisha kupeleleza habari isije ikatufanya tuwadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta.

Ndugu zetu, mchezo una mwamuzi, na hakuna timu yoyote hapa Bariadi itakayokubali mwamuzi avae jezi ya wapinzani. Tukilielewa hilo uwanjani, tulielewe pia pale heshima ya binti na heshima ya kijana zinapowekwa mezani. Binti anayelalamika anataka mtu wa kumsikiliza asiye na jezi. Kijana anayekana anamtaka mtu huyo huyo. Na sisi tulio baina yao, wajibu wetu ni kuhakikisha mtu huyo yupo, anajulikana, na haogopi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu wa kiume na wa kike huko waendako, awape stara mabinti zetu na uchamungu watoto wetu wa kiume, awaponye waliodhulumiwa, awasafishe waliosingiziwa, na atujaalie kuwa wasimamizi wa uadilifu hata ikiwa ni dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.